Yule Mwenye Masharubu Kando ya Mama

Mlio na roho juu tangu juma lililopita, pumueni: picha haikutafunwa na mbuzi. Iliingia kifuani.

Naam, kifuani mwa Bi Hadidja! Shangazi ya bwana arusi, mwalimu wa chuo cha Kurani, mama ambaye watoto wa mtaa wakimwona kwa mbali hufunga vifungo vya shati. Aliinyakua picha mkononi mwa Papa Sudi, akaitupia jicho, akasema "Yalaa!", akaichomeka ndani ya blauzi na kutokea mlango wa jikoni. Kiatu chake kimoja kilibaki kizingitini.

Uwanja mzima ukabaki mdomo wazi.

"Amekimbia na picha yangu!" alipiga kelele Papa Sudi.

"Yako?" akauliza Mama Hawa, mke wake. Akaanza tena kucheka.

Hapo ndipo penye taabu, wasomaji wangu. Huyu mama anacheka! Mume wake alifungua valizi ya zamani kutafuta kanzu ya arusi, akakuta chini ya mashuka picha ya mke wake akiwa kijana, amevaa nguo za bibi arusi, amekaa bega kwa bega na mwanaume wa kostime ya Kizungu, kravati shingoni na masharubu. Mwanaume ambaye si Sudi! Tangu hapo Mama Hawa akiulizwa, anacheka. Akitishwa, anacheka mpaka anashika mbavu. Jana alicheka akamwaga wali wa wageni.

Papa Sudi naye ameapa. Hatakaa mbele ya shehe, hatamwoza binti yake Riziki, mpaka aambiwe ule mwanaume ni nani. Baba asipotoa mkono wake, arusi hakuna. Na arusi ni kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Mbuzi wamekwisha fika kutoka Kailo. Wajomba wamekwisha fika kutoka Tunda, na magodoro yao.

"Papa, tafadhali," akasema Riziki. Alikuwa amekaa kwenye benchi, hina mbichi mikononi, vidole vyote vimefungwa vitambaa.

"Nyamaza, mama. Haya ni mambo ya wakubwa."

Akapiga meza kwa mkono wa kushoto, ule wenye kidole cha mwisho kifupi. Mashine ya depo ya treni ilikula ncha yake alipokuwa bado anajifunza kazi, kabla ya kuoa. Akipiga meza kwa mkono ule, nyumba yote inajua hasira ni ya kweli.

"Mie kilichonitisha ni kravati," akaingia Bulaimu, kaka yake mkubwa, ambaye ndiye mkuu wa Chama pale mtaani na abakosti yake, lile koti la Chama lililofukuza kravati, haina hata mkunjo. "Kravati ndani ya nyumba ya ndugu yangu! Wakubwa wakisikia, nitasema nini?"

"Picha ni ya wakati wa Wabelgiji, kaka!"

"Kravati ni kravati." Bulaimu akakohoa, akashusha sauti. "Lakini tuiache. Nauliza hivi: Hadidja anakimbia nini? Muntu hakimbii na sura ya muntu asiyemujua. Mulitazama zile nyusi? Zimekutana katikati. Hapa uwanjani, nani iko na nyusi za namna ile?"

Vichwa vyote vikageuka.

Waziri, bwana arusi, karani wa treni, kijana mpole asiyejua kugombana hata na kuku, alijigusa katikati ya nyusi kwa kidole.

"Marehemu baba yake," akasema Bulaimu pole pole. "Kasimu. Kaka ya Hadidja, tumbo moja."

Papa Sudi akakaa. Akasimama. Akakaa tena.

"Kama Hawa aliolewa na Kasimu kabla yangu," akasema, "na Riziki alizaliwa haraka haraka vile..."

"Papa!"

"Hawa! Riziki ni mutoto wa nani?"

"Ni wako, weye mupumbavu!" akajibu Mama Hawa, akijipangusa machozi kwa pembe ya kitenge. "Angalia masikio yake!"

Ni kweli, masikio ya Riziki ni ya baba yake, yanasimama vizuri tu.

"Masikio si ushahidi," akasema Bulaimu.

"Basi sema ule mwanaume ni nani!" akadai Papa Sudi.

"Siwezi. Niliapa."

"Uliapia nani?"

Mama Hawa akafungua kinywa. Akamtazama mume wake, akatazama kile kiatu kimoja kizingitini, na kicheko kikamshinda. Akaingia chumbani. Wakasikia kitanda kinalia.

Kwenye benchi, Waziri alisogea kidogo. Kisha akasogea tena. Sasa alikuwa amefika mwisho, nusu ya mwili hewani.

"Waziri, unaenda wapi?"

"Siendi mahali, da... Riziki."

Da! Alitaka kusema dada! Riziki aliisikia ile "da" ikamchoma moyo. Huyu ndiye mwanaume aliyempimia mizigo ya mama yake pale stesheni, akakosea mizani mara mbili kwa sababu ya kumtazama. Alimpenda siku ile ile. Amekataa mfanyabiashara mwenye kamyoni ya mizigo kwa ajili yake. Leo anaitwa dada?

Akili ya Riziki ikaanza kukimbia. Ile picha aliiona kwa jicho moja tu, lakini aliiona. Mama. Mwanaume. Na nyuma yao, pazia lililochorwa tausi wawili, mikia imefunguka.

Tausi! Mbona picha ya nyanya yake ina tausi? Na ya mama mdogo? Picha zote za zamani za wanawake wa mtaani zina tausi wale wale, na zote zilipigwa nyumba moja, kule mtaa wa Mikelenge, kwa marehemu Rigobert mpiga picha.

Riziki akasimama, akatoka. Bibi arusi yuko barabarani mchana kweupe na hina mbichi!

"Ningoje!" akalia Waziri. Akamfuata, lakini kwa mbali, upande wa pili wa barabara, kama ndugu.

Mjane wa Rigobert alikuwa nyuma ya nyumba yake anatwanga sombe, majani ya muhogo. Kwenye karatasi za serikali, iliyokataza majina ya Kizungu, sasa anaitwa Tshiela, lakini midomo ya Mikelenge bado inamwita Mama Albertine, na yeye anaitikia yote mawili.

"Ee, bibi arusi! Unatafuta nini inje na hina? Unataka tuchekwe?"

"Mama Albertine, iko picha." Riziki alihema. "Mama yangu bado kijana, na mwanaume wa masharubu. Nataka kujua ule mwanaume. Papa amekataa kuniozesha."

Mchi ukasimama.

"Nyuma yao kuna nini?"

"Tausi wawili."

"Si treni? Una hakika?"

"Tausi, mama. Niliwaona."

Mama Albertine akaweka mchi chini, akajipangusa mikono bila haraka. Usoni mwake kitu kilianza kucheza.

"Sikia, mwanangu. Marehemu alikuwa na mapazia mawili. La treni lilikuwa mbele ya nyumba, pale alipiga wanaume. Lakini ninyi Waislamu, waume wenu hawakukubali wake zao watazamwe na mpiga picha mwanaume. Atakula nini, sasa? Akanifunza miye. La tausi lilikuwa huku nyuma, uwanja wa wanawake, na mashine nilishika miye mwenyewe. Mwanaume hakupita mlango ule. Kwa pazia la tausi sijapiga mwanaume hata mumoja."

Alitaka kuongeza neno, akalimeza, akakohoa.

"Hata mumoja?" Riziki alimsogelea. "Lakini alikuwa na masharubu!"

"Masharubu," akasema Mama Albertine akielekeza kidevu jikoni, "ni makaa na mafuta ya mawese."

Nyuma ya pazia la mlango mtu alipiga chafya.

Riziki akatazama chini. Pazia halikufika sakafuni. Miguu miwili ilionekana. Na kiatu kimoja!

"Shangazi Hadidja?"

Mguu wenye kiatu ukajificha nyuma ya mwenzake.

"Shangazi, naona muguu wako."

Pazia likasogea. Bi Hadidja akatoka, buibui mpaka kidevuni, uso mkali ule ule wa chuoni. Nyusi zake, wasomaji! Zimekutana katikati, kama za kaka yake, kama za Waziri. Riziki amezitazama nyusi hizo tangu utotoni na hakuziona hata siku moja.

"Ni weye," Riziki alinong'ona. "Mwanaume wa mama ni weye!"

"Shusha sauti!"

"Riziki!" Hiyo ilikuwa sauti ya Waziri, kutoka langoni. "Tuko ndugu ao hatuko ndugu?"

"Subiri!" wakajibu wanawake watatu kwa pamoja.

Bi Hadidja akakaa juu ya kinu kingine kilichopinduliwa, akamvuta Riziki karibu.

"Wakati wetu," akaanza, "sisi wasichana wa ngoma ya lelemama tulikuwa na desturi. Mwenzetu akikaribia kuolewa, tunamufanyia arusi ya mchezo uwanjani, hakuna mwanaume. Mumoja anavaa kostime, anakuwa bwana. Anamusumbua bibi arusi: leta maji, chumvi imezidi, ulikuwa wapi? Ili akifika kwa bwana wa kweli asishtuke. Mwisho tunapiga picha. Na wote tunaapa mbele ya ngoma: mwanaume asiambiwe. Bwana wa mama yako nilikuwa mie." Akanyoosha mabega. "Na nilikuwa bwana muzuri. Hawa alilia siku ya kuniacha."

"Mbona umekimbia, basi?"

"Mie nafundisha watoto wa watu Kurani, Riziki! Wazazi wao wanione nimevaa kravati? Na Bulaimu amekaa pale na abakosti yake? Nimekuja hapa Albertine achome picha zote."

Riziki akapiga magoti. Machozi yalimjia yenyewe.

"Shangazi, nampenda Waziri. Kwetu wanasema ule muntu wa picha ni marehemu Kasimu. Waziri ameanza kuniita dada. Kesho Papa hatakaa mbele ya shehe. Usiposema, nimemupoteza."

Uso mkali ukalegea. Kasimu alipofariki, Hadidja ndiye aliyembeba Waziri mgongoni, ndiye aliyempeleka shule, ndiye aliyemwonea fahari siku ya kofia yake ya kwanza ya treni. Hana mtoto mwingine.

"Dada?" akauliza. "Ule mujinga amekuita dada?"

"Nusu. Alisema 'da'."

"Lakini niliapa. Siwezi kumuambia mwanaume. Hawa ameshika kiapo chake mpaka leo, na mie nivunje?"

"Kuambia ni kazi ya mudomo," akasema Mama Albertine, amekwisha inama jikoni anachagua kaa. "Uso haukuapa."

Wakatazamana. Bi Hadidja, mwalimu wa chuo, akafumba macho na kuinua mdomo wa juu.

"Usiyafanye makubwa," akasema.

Mama Albertine akayafanya makubwa. Akayapindisha ncha. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja, akatazama kazi yake, na wote watatu wakaanza kucheka. Riziki hakuweza kujifunika mdomo kwa sababu ya hina. Alicheka mikono juu kama mtu aliyekamatwa na askari. Bi Hadidja alicheka bila kusogeza midomo, asiharibu.

"Na chukua hii," Mama Albertine akasema. Akatoa kwenye sanduku lake kitu bapa kilichofungwa kitambaa. "Kama Sudi ataleta kichwa nguvu."

Bi Hadidja akafungua pembe moja, akachungulia. Akaegemea ukuta.

"Uliitunza? Albertine! Uliitunza?"

"Nini hiyo?" akauliza Riziki.

"Si ya bibi arusi," wakasema, na kitambaa kikafungwa.

Njiani Waziri alimkuta shangazi yake amejifunika uso mzima.

"Shangazi, umeugua? Shangazi, mie na Riziki tuko ndugu?"

Buibui likatikisika.

"Tembea," ikajibu sauti ya ndani.

Walipofika, Papa Sudi alikuwa anawaeleza wajomba wa Tunda kwamba labda wafunge magodoro. Mbuzi walikuwa bado hai, wanakula majani ya mapambo. Bi Hadidja akapita katikati ya wageni, akachukua kiatu chake, akakivaa. Akasimama mbele ya Papa Sudi. Hakusema neno. Alitoa picha kifuani, akaiweka kando ya shavu, akafunua uso.

Mbuzi peke yao waliendelea kutafuna.

Nyusi zile zile. Masharubu yale yale, ncha juu. Papa Sudi akatazama picha, akatazama uso, akatazama picha.

Dirisha la chumbani likafunguka.

"Bwana wangu!" akapiga kelele Mama Hawa. Akatoka mbio, akamrukia Bi Hadidja shingoni, na wamama wote wa zamani waliokuwa wamekaa kwenye mikeka, wale waliojifanya hawajui kitu tangu mambo yaanze, wakapiga vigelegele mpaka kuku wakapanda ukutani.

"Kravati ilikuwa ya Hadidja?" aliuliza Bulaimu. Vigelegele vikamfunika.

Waziri aliruka kutoka mwisho wa benchi mpaka mwanzo. Alitaka kushika mikono ya Riziki, akakumbuka hina, akamshika viwiko.

"Riziki wangu! Hatuko ndugu!"

"Nani alisema tuko ndugu? Njo weye uliyekimbia!"

"Sikukimbia. Nilisogea."

Papa Sudi alicheka. Loo, alicheka mzee wa watu, mzigo umemtoka! Akampa mkono Waziri, akawaambia wajomba wafungue magodoro, akaamuru wamwite shehe aje kupanga mambo ya kesho. Kama angefunga kinywa pale pale, mimi ningekuwa nimekwisha maliza kazi yangu na ninyi mngekula pilau.

Lakini Papa Sudi, akishinda, lazima atoe hotuba.

"Arusi iko," akasema, mkono juu. "Lakini Hadidja aniombe radhi. Sikulala, sikula, kwa sababu ya mchezo wa watu wasio na haya. Kujigeuza! Muntu wa heshima anawezaje kuvaa nguo zisizo zake, akae mbele ya mashine, apigwe picha? Mie, Sudi, hata siku moja!"

Bi Hadidja alikuwa anajipangusa masharubu. Mkono ukasimama.

"Hata siku moja, Sudi?"

"Hata moja! Uliza wote hapa!"

"Na unataka mie nikuombe radhi? Kweli kabisa?"

"Mbele ya wageni!"

Bi Hadidja akafungua kitambaa. Akatoa picha ya pili, akailaza juu ya magoti ya Mama Hawa.

Tausi wale wale. Kostime ile ile, na ndani yake Hadidja yule yule, masharubu ncha juu. Lakini kando yake alikaa bibi arusi mwingine. Mrefu. Amejifunika shela mpaka chini ya macho, mabega yamelijaza gauni mpaka mshono unalia.

Na hapo, wasomaji wangu, kwa mara ya kwanza tangu valizi ifunguliwe, Mama Hawa aliacha kucheka.

"Hadidja," akasema. "Uliniapia bibi arusi wako ni mie peke yangu."

"Hawa, huyu alijileta mwenyewe. Nilimukamata amejichomeka katikati yetu uwanjani..."

"Uliniapia! Na tausi wetu! Na kostime yetu!" Akasimama, picha mkononi, na sauti yake ikapita uwanja mzima, kali kuliko ya mume wake siku zote hizi. "Huyu mwanamuke njo nani? Semeni! Hakuna muntu atakayeolewa kwa nyumba hii kesho mpaka mie nijue!"

"Mama!" akalia Riziki.

Akainama juu ya picha apate kumtuliza, apate kusema chochote. Mama Hawa alikuwa anayatazama yale macho juu ya shela. Riziki macho yake yalianguka chini, kwenye mkono wa kushoto wa bibi arusi, uliotulia vizuri kabisa ndani ya mkono wa bwana wa makaa.

Kidole cha mwisho kilikuwa kifupi.

Riziki akainua kichwa. Upande wa pili wa meza, Papa Sudi alikuwa anatazama mbuzi, na pole pole, kidole kwa kidole, anauingiza mkono wake wa kushoto ndani ya mfuko wa abakosti yake.